Sahani Iliyorudi Tupu

Nabwire mwanangu,

Jana jioni uliniuliza swali zuri, nami nikakupa jibu la kukupoteza. Ulikuwa umesimama mlangoni pa jikoni ukifuta mikono, ukasema, "Mama, mbona siku hizi unakula ugali pole pole hivyo? Uko sawa kweli?" Nikakujibu, "Ni roho tu. Si unaniacha?" Ukanijia, ukanikumbatia, ukalia begani kwangu. Nikakuacha ulie. Nilifurahi hata, Mungu anisamehe, kwa sababu ukilia huulizi tena.

Si roho. Au niseme, si ile roho uliyoifikiria. Chakula kinanikwama. Kilianza kwa nyama, nikalaumu meno yangu. Kikaja kwa ugali, nikasema ninakula kwa haraka kama askari. Sasa tonge likifika hapa katikati ya kifua linasimama, ninameza maji, linakataa, kisha linashuka huku linauma. Uji unapita. Chai inapita. Na ile sketi ya bluu uliyoisifu Jumapili ukasema imenikaa vizuri, imenikaa vizuri kwa sababu nimeibana kiunoni kwa pini.

Alhamisi nitakwenda Eldoret, hospitali kubwa, kupigwa kamera, ile ya kumezwa. Baba yako anajua. Ameshaomba ruhusa kazini Malaba, na malori anayoyashughulikia mpakani yatasubiri karatasi kwa mtu mwingine siku hiyo. Wewe kesho asubuhi unakwenda Lodwar kuanza kazi, na ninataka uende. Nikisema ninataka, unanijua, sisemi kwa adabu.

Ninaandika mchana huu ukiwa umekwenda Bumala kumuaga shangazi yako. Mdogo wako Wandera yuko shule, nyumba imenyamaza, na kuku wamepata uhuru wa kuingia mpaka sebuleni. Akina mama wengine wangekuandikia habari za chandarua, joto la huko, na wanaume wa mjini. Hayo ulishayasikia kwangu mpaka ukachoka, na mengine umenifundisha wewe. Ninataka nikuambie habari ya Babu yako. Sehemu moja unaijua, sehemu nyingine niliombwa nisikuambie, na mwenyewe aliyeniomba hayupo tena wa kunikemea.

Lakini nianze na kazi yangu, kwa sababu ndiyo kazi yako pia, ila wewe umeisomea zaidi. Unajua nimekuwa muuguzi katika ile kliniki ya Busia, karibu na foleni ya malori, tangu ulipokuwa unatambaa. Pale, kila mtu mwenye tumbo ana alsa, yaani vidonda vya tumbo. Dereva amekunywa soda na mandazi tangu Mombasa, ana alsa. Mama wa sokoni amegombana na mumewe, alsa zimeamka. Mwanafunzi hajasoma na mtihani ni kesho, naye ana alsa. Hawaji kuuliza wana nini. Wanakuja na jina la ugonjwa tayari wamelishika mkononi, wanataka tu dawa ya kutafuna, ile nyeupe yenye ladha ya chaki. Kwa miaka mingi niliwapa. Foleni ilikuwa ndefu, na mtu aliyekuja na jibu lake hakuchoshi.

Ulikuwa katika darasa la kwanza alipokuja dereva mmoja Mganda, mwanamume mkubwa wa mwili, anaendesha lori la saruji. Akaegemea kaunta yangu, uso umekuwa wa kijivu, akaniita mama kwa lugha ya kwao.

"Nyabo, nipe ile dawa ya alsa. Ya kutafuna. Niko mbio, lori iko kwa laini."

Sijui ni nini kilinishika siku ile. Labda ni jinsi alivyokuwa anatokwa jasho na mvua imenyesha. Nikamuuliza, "Choo chako kikoje?"

Akaangalia nyuma kama kuna mtu amesikia. "Hiyo ni maswali gani sasa, nyabo?"

"Ni yangu. Jibu ndipo nikupe dawa."

Akainama karibu. "Nyeusi. Nyeusi kabisa, kama lami yenye wanamwaga kwa barabara. Na inanuka vibaya."

Alikuwa anavuja damu ndani. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa ajili ya kuendesha, akawa anameza vidonge vya maumivu asubuhi na jioni bila chakula, na vidonge vimechimba kidonda tumboni. Hakupata dawa ya kutafuna. Alipata gari la kumpeleka hospitali, akaongezwa damu, akapigwa kamera, na yeye kweli alikuwa na alsa, mmoja katika wale wote waliosema wanazo. Alipona. Mkungu wa matoke unaofika hapa nyumbani mara kwa mara, ule ambao Wandera hudhani ninanunua, ni wake.

Nilitembea nimeinua kichwa wiki nzima. Nilimsimulia baba yako, nikamsimulia mwenye kliniki, nikasimulia mpaka kanisani. Na wakati ninasimulia hivyo, nyumbani kwangu mwenyewe kulikuwa na mtu ambaye sikumuuliza kitu.

Tulikuwa tunaishi bado kwa Babu, upande wa Bumala, nyumba yetu ikitazamana na yake. Kukhu, mkewe, alikuwa ametoka kuzikwa. Unamkumbuka Kukhu kidogo tu, lakini Babu alikuwa hajui hata chumvi inakaa wapi bila yeye. Baada ya matanga watu wakaondoka, akabaki anakaa nje ya mlango wake akitazama barabara. Siku moja nikampelekea maji ya kunawa, nikayaweka mbali kidogo kama inavyotakiwa, akaniita.

"Mama Nabwire."

"Naam, Baba."

"Kuna kitu imenikaa hapa kwa roho." Akaweka kiganja kifuani. "Imekaa tu. Haitoki."

Nikamwambia, "Pole, Baba. Itatoka pole pole. Hata sisi tunamkosa."

Akasema asante. Ningekuwa kaunta, na yeye ni dereva wa saruji, ningemuuliza: inakaa wakati gani? Ukikula ama ukilala? Ni maumivu ama ni kuziba? Lakini alikuwa baba mkwe, alikuwa amefiwa, na alikuwa amesema roho. Nani anamuuliza mtu aliyefiwa roho yake inamkaa wapi? Alimwambia katekista, wakaomba. Alimwambia rafiki yake wa zamani, akaambiwa atafute mke wa kumpikia. Kila mtu alimjibu, Nabwire, na kila mtu alijibu kwa upendo. Sijawahi kuona mgonjwa aliyesema ugonjwa wake waziwazi namna ile, kwa watu wengi namna ile, akakosa wa kumsikia.

Sasa sikiliza mambo ya chakula. Unajua desturi ya kwetu: mkaza mwana haingii ovyo katika nyumba ya baba mkwe, wala hakai kumtazama akitafuna. Ninapika, ninapakua, chakula kinapelekwa. Aliyekipeleka ulikuwa wewe. Ulikuwa unavuka uwanja na sahani imefunikwa, unatembea kwa makini kama umebeba mtoto, na mimi ninakutazama dirishani mpaka uingie. Baada ya muda unatoka mbio na sahani tupu, mdomo umepakaa mchuzi, unapiga kelele kutoka mlangoni kwake, "Mama, tumemaliza!"

Mimi ninashukuru Mungu. Mzee amefiwa, lakini anakula. Nilimwambia hata baba yako kwa simu, akiwa Malaba: usiwe na wasiwasi, sahani inarudi tupu. Na yeye alipokuja nyumbani Jumapili, Babu alikuwa anamwambia ameshakula, waketi tu wanywe chai. Niliona Babu anapungua, shati linamning'inia, nikasema ni huzuni. Huzuni huwa inakondesha watu, si ndiyo? Nilikuwa na maelezo ya kila kitu.

Wewe unapenda kuwasimulia rafiki zako jinsi Babu alivyokupenda, jinsi alivyokuwa anakumegea ugali kwa mkono wake, anachovya kwenye mchuzi wa samaki, anakulisha kwanza wewe. Ni kweli. Alikupenda kuliko sisi wote. Lakini mwanangu, hakuwa anakulisha kwanza. Alikuwa anakulisha wewe tu.

Nimesimama kidogo hapa nikatembea uwanjani kabla ya kuendelea. Sitaki usome vibaya, kwa hiyo nitaandika wazi. Ulikuwa mtoto, ulipewa chakula na babu yako, ukala. Hakuna kosa lako hapo, hata la ukubwa wa punje ya wimbi. Na hukusema uongo siku hata moja. Ulisema tumemaliza. Ulisema hivyo kila siku, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na mimi niliyezaliwa na masikio mawili sikuisikia hiyo "tu."

Niliisikia siku ulipopata malaria. Ulilala kwangu unatetemeka, nikamtuma mtoto wa jirani na sahani. Ikarudi kama ilivyokwenda. Nikadhani Babu ana wasiwasi kwa sababu unaumwa. Kesho yake ikarudi hivyo hivyo, samaki ameguswa kidogo upande mmoja, ugali mzima umekauka juu. Nikaishika ile sahani pale jikoni nikakutazama ulivyolala, na nikaanza kuhesabu nyuma, ni nani amekuwa akila chakula cha mzee huyu. Nikakaa chini sakafuni.

Jioni nilipika upya. Sikumtuma mtu. Nilivuka uwanja mwenyewe, nikabisha hodi, nikaingia, nikaweka sahani mbele yake, halafu nikafanya jambo ambalo mama yangu angenipiga kwa kulifanya: nikavuta kigoda nikaketi.

Babu alishtuka. Akajivuta nyuma kwenye kiti, akaangalia mlango. "Mama Nabwire, unataka kuniona nikikula?"

"Leo nataka kukuona, Baba."

"Watu watasema nini?"

"Waseme. Kula, Baba. Kidogo tu."

Alimega tonge dogo sana, la kumpa kifaranga. Akalichovya, akatafuna kwa muda mrefu, akameza. Nikaona linavyoshuka na mahali lilipokataa. Alishika ukingo wa meza, shingo ikakaza, macho yakajaa maji, mate yakaanza kumjaa mdomoni. Akainuka akaenda mlangoni akalitema nje. Akarudi, akaketi, akaweka kiganja kifuani, palepale alipokiweka siku ile.

"Si nilikwambia?" akasema, bila hasira. "Nilikwambia ni roho."

"Nilidhani ni ile roho ingine, Baba."

Akanitazama kama mtu anayetaka kweli kujua. "Kwani ziko ngapi?"

Nimekuwa na swali hilo tangu siku ile. Sisi kwa Kiswahili chetu cha huku tumeweka vitu vingi mno kifuani na kuviita jina moja. Roho inauma mtu akifiwa. Roho inachoma mtu akila pilipili. Roho inaenda mbio mtu akiogopa. Na njia ya chakula ikiziba, mzee aliyezaliwa hapa ataweka mkono kifuani na kusema kuna kitu kwa roho, na atakuwa amesema sawasawa. Katika vitabu vyako inaitwa umio. Sijawahi kumsikia mgonjwa hata mmoja, Busia wala Malaba, akiingia na kusema, daktari, umio wangu umeziba.

Tulimpeleka Eldoret. Alimeza ule mrija wenye taa bila kulalamika, wakaona uvimbe, wakachukua kipande kidogo wakakipima, na ilikuwa saratani. Ilikuwa imekua na kutambaa, hakukuwa na cha kukata. Daktari, kijana mpole, alinieleza nje kwenye veranda. Nikamuuliza kama tungekuja alipoanza kusema ingekuwa tofauti. Alisema pengine. Hakusema ndiyo wala hapana, na mimi ninamheshimu kwa hilo, ingawa lile "pengine" ndilo ninaloamka nalo. Ningepata ndiyo, ningelia nikamaliza.

Wakamwekea bomba laini la waya kwenye umio, la kushikilia njia isizibe. Hilo nataka ulibebe na ulifanye vizuri huko Lodwar, maana watu hudhani kama huwezi kumponya mtu basi umemaliza naye. Babu alirudi nyumbani akanywa uji mzito, bakuli zima. Akanywa mchuzi wa samaki. Akakaa nje ya mlango wake akamwita kila anayepita amwonyeshe bakuli. "Roho imefunguliwa," alikuwa anasema, akicheka mwenyewe. Na mimi nilikuwa ninaketi naye akila, kila jioni, na majirani walisema walichosema. Wakati ule ndio nilimjua baba mkwe wangu. Alituacha kabla ya mahindi kukomaa. Bomba lile lilimpa wakati wa kula na sisi, na kufa hakufa kwa njaa.

Siku moja katika siku hizo alikuona ukicheza uwanjani na akaniambia, "Huyu mtoto msimwambie mambo ya ile sahani. Hakuniibia. Mimi nilimpa." Nikamuuliza kwa nini hakusema tu kwamba hawezi kumeza. Akasema alikuwa amesema. Halafu akaongeza kwamba alikuwa anaona mimi napika baada ya kazi, nimechoka, kuni zimelowa, na sahani ikirudi na chakula nitaumia. Alitaka irudi tupu kwa ajili yangu.

Basi hilo ndilo nililoombwa nisiseme, na nimesema. Kama amekasirika huko aliko, atanisamehe, kwa sababu wewe hukuwa mtu wa kuishia kucheza uwanjani. Umekuwa tabibu. Umeniambia utaanza kazi kwa kumsaidia daktari katika chumba cha kamera, na kamera ile itafika ndani ambako macho yangu hayakufika. Lakini mgonjwa atakuwa ameshapita mikono mingi kabla ya kukufikia wewe, na wengi watakuwa wamechelewa kama Babu. Utakasirika. Utataka kuwauliza jamaa zake, mlikuwa wapi? Ukitaka kuuliza hivyo, kumbuka tulikuwa hapo hapo, ng'ambo ya uwanja, tunapika.

Wanawake wa huko wana desturi zao za nani anamwona nani akila. Sizijui, wewe utazijua. Na wana neno lao wanaloliita kifua chote, sina shaka. Jifunze neno hilo kabla ya kujifunza kusalimia.

Sasa nirudi kwangu, maana najua umesoma haya yote huku moyo uko kwenye ukurasa wa kwanza.

Ninaogopa. Nimewaambia watu wengi kwenye ile kaunta wasiogope kamera, ni kama kumeza tonge kubwa, na sasa ninaona nilikuwa nikisema maneno tu. Ninajua pia mambo ambayo yatakufaa usiku ukilala macho: si kila kinachokwama ni kile cha Babu. Nimekuwa na kiungulia miaka mingi, ninameza dawa zangu za kaunta na kuendelea na kazi, na asidi ikipanda kila siku huacha kovu linalobana njia. Kovu hupanuliwa, mtu akarudi kula ugali wake. Linaweza kuwa hilo. Linaweza kuwa jingine. Sitajua mpaka waangalie, na wewe pia hujui, kwa hiyo usianze kunizika kwenye basi.

Na usishuke basi njiani. Ukirudi kutoka Kitale utanikuta nimekasirika, na mgonjwa aliyekasirika hamezi vizuri. Kitu utakachonifanyia hapa ni kunishika mkono, na mkono baba yako anao. Huko kuna mtu ameketi nje ya mlango wake ameweka kiganja kifuani, na nafasi ya kumuuliza umepewa wewe.

Bado kuna hili la jana. Uliona sahani yangu, sivyo? Uliniuliza kwa sababu nakula pole pole, lakini uliponiona nimemaliza ukatulia. Wandera ndiye aliyeketi karibu nami. Wandera anakua, anakula kila kinachosogezwa mbele yake. Alipoondoa sahani alipiga kelele, "Tumemaliza!" nawe ukamcheka ukasema huyu atakula mpaka meza. Mimi nilishikilia kiti. Nilisikia sauti yako katika sauti yake, ukivuka uwanja. Nimekuwa nikimpa ugali wangu kwa wiki kadhaa sasa, Nabwire. Mimi, niliyekaa sakafuni na ile sahani. Nilitaka irudi tupu kwa ajili yako, usije ukaacha kwenda, na hapo ndipo nilipomwelewa mzee kabisa.

Leo jioni tutakula pamoja mara ya mwisho kabla hujaenda. Nitapika ugali na samaki. Sitampa Wandera chochote. Sahani yangu nitaiacha kama ilivyo, mbele ya macho yako, na nitasubiri. Ukiniuliza, nitajaribu kukujibu kwa mdomo wangu, na barua hii nitaitia jikoni motoni. Kama unaisoma, basi iliishia kwenye mfuko wako, chini ya koti, kwa sababu hukuuliza au mimi nilishindwa kujibu. Ninajijua. Nadhani nilishindwa mimi.

Kwa hiyo ukifika, nipigie simu. Utaanza kwa kuniuliza kama tumekula, maana hivyo ndivyo nilivyokulea. Nikikuambia ni roho tu, niulize ni roho gani. Na nikikuambia tumemaliza, mwanangu, niulize ni nani.

Mama yako